MySQL 8.0 bila mafaili ya .frm: dalili, sababu na tiba

Mwongozo huu umetokana na matatizo yale yale ninayoletewa, Unguja na Pemba, kila mtu anapohamisha hifadhidata yake kutoka MySQL 5.7 kwenda 8.0. Skuli, maduka ya jumla, nyumba za wageni, vyama vya kuweka na kukopa: mashine zinatofautiana, lakini makosa ni mamoja. Karibu yote yanatokana na mazoea ya kuichukulia folda ya data kuwa ndiyo hifadhidata yenyewe, mazoea ambayo wakati wa mafaili ya .frm yalivumilika na sasa hayavumiliki tena.

Hadi toleo la 5.7, kila jedwali lilikuwa na faili lake la .frm, lililobeba majina ya safuwima, aina zake na faharasa zake. Umbo la faili hilo ni la zamani kuliko MySQL yenyewe, kwa sababu limerithiwa kutoka UNIREG, programu ya Michael Widenius iliyotangulia kuzaliwa kwa MySQL mwaka 1995. Tatizo ni kwamba InnoDB, injini ya MySQL inayohifadhi data ya majedwali, nayo ilikuwa na kamusi yake ndani ya faili la ibdata1. Maelezo ya jedwali moja yalikaa mahali pawili, na hapakuwa na muamala wa kuyafunga pamoja. Toleo la 8.0, lililotangazwa kuwa tayari kwa kazi Aprili 2018, liliondoa .frm pamoja na mafaili mengine ya maelezo, yaani .TRG, .TRN, .par na db.opt, likaweka maelezo yote katika kamusi moja ya data iliyomo ndani ya faili la mysql.ibd. Kila jedwali la InnoDB hubeba pia nakala ya maelezo yake ndani ya .ibd yake, yaani faili lake la data, na jedwali la MyISAM, injini nyingine ya zamani, hupewa faili dogo la .sdi.

Kabla ya kugusa chochote

Hakikisha kwanza unaongea na seva gani:

SELECT VERSION();

Kisha, 5.7 ikiwa bado hai na inajibu, toa nakala ya maandishi ya kila hifadhidata yako, na baada ya hapo zima seva na unakili folda nzima ya data kwenye diski nyingine. Zote mbili zinahitajika. Nakala ya maandishi utaipakia kwenye toleo lolote, na nakala ya folda itakurudisha kwenye 5.7 ile ile uliyotoka nayo.

mysqldump -u root -p --single-transaction --routines --events --databases duka > duka.sql

Lifungue faili hilo la duka.sql na uliangalie mwisho wake. Nakala iliyokamilika humalizika na mstari wa maelezo unaotaja kuwa kazi imekwisha pamoja na tarehe. Isiyo na mstari huo ilikatika njiani, na hiyo si nakala.

Data iliyokwishapandishwa hadi 8.0 hairudi 5.7 kwa njia yoyote isipokuwa kuirejesha nakala uliyoihifadhi. Vilevile hakuna kuruka ngazi: 5.6 hupitia 5.7, na 5.7 hupitia 8.0 kabla ya kufika 8.4. Asiyekuwa na nakala iliyojaribiwa asiendelee kusoma sehemu zinazofuata akiwa mbele ya mashine ya kazi.

Dalili ya kwanza: seva ya 8.0 inakataa kuwaka juu ya data ya 5.7

Hii ndiyo inayoleta watu wengi zaidi. Kabla ya jambo lolote soma faili la makosa la seva, mistari ya mwisho, kwa utulivu, kwani mara nyingi jibu limeandikwa hapo waziwazi.

Sababu inayotangulia kwa wingi ni faili la usanidi lililobeba vipengele vilivyokwishafutwa. Hifadhi ya majibu ya maswali iliondolewa katika 8.0, kwa hiyo query_cache_size na query_cache_type vikiwamo ndani ya my.cnf au my.ini, seva itasema haivijui na itazima. Hali ni hiyo hiyo kwa innodb_file_format, na kwa NO_AUTO_CREATE_USER ikiwamo katika sql_mode. Kuanzia 8.0.16 unaweza kulikagua faili la usanidi bila kuiwasha seva kwa data yako:

mysqld --validate-config

Sababu ya pili ni kwamba 5.7 haikuzimwa vizuri. Kumbukumbu za InnoDB zikiwa bado na mabadiliko ambayo hayajaandikwa mahali pake, 8.0 itaandika kwamba haipandishi data iliyotoka katika ajali. Hapa mtu hushawishika kuyafuta mafaili ya ib_logfile ili aendelee. Usifanye hivyo, maana ndani yake mna malipo ya watu ambayo hayajafika kwenye majedwali. Irudishe 5.7 juu ya data ile ile, iache ijirekebishe, endesha XA RECOVER kuhakikisha hakuna muamala ulioning'inia, kisha uizime taratibu:

SET GLOBAL innodb_fast_shutdown = 0;

Uzimaji huo huchukua muda mrefu kuliko kawaida. Usichomoe waya.

Sababu ya tatu nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu kwetu visiwani ndiyo inayochosha zaidi: mafaili mayatima. Umeme wetu huvuka bahari kwa waya kutoka Bara, na aliyekuwapo Unguja baina ya Disemba 2009 na Machi 2010 anakumbuka ile miezi mitatu ya giza. Siku hizi kukatika ni kwa dakika au saa, lakini kwa hifadhidata dakika moja inatosha. Seva ya 5.7 iliyozimika ghafla wakati wa ALTER TABLE, amri ya kubadilisha jedwali, huacha mafaili yenye majina yanayoanza na #sql, au huacha .frm isiyo na jedwali nyuma yake. Mwaka mzima unaweza kupita bila mtu kuyaona, na 5.7 ikaendelea na kazi. Siku ya kupandisha toleo ndiyo siku yanapojitokeza, maana 8.0 husoma kila .frm ili kuijenga kamusi yake, na isiyo na mwenzake huisimamisha kazi yote.

Nimelishuhudia hili katika ofisi moja ya Chake Chake ambapo jedwali la malipo lilikuwa linaonekana kwenye SHOW TABLES mara mbili: malipo, na malipo_zamani ambalo kila ukiliuliza linajibu kosa namba 1146, kwamba halipo. Ndani ya folda kulikuwa na malipo_zamani.frm yenye kilobaiti nane na kitu, bila .ibd yoyote pembeni yake. SHOW TABLES ya 5.7 ilikuwa inasoma majina ya mafaili tu. InnoDB haikuwa na habari ya jedwali hilo. Ukizisoma baiti za mwanzo za .frm kama hiyo utakuta FE 01, alama ya jedwali la kweli; .frm ya mwono (view, yaani swali lililohifadhiwa linaloonekana kama jedwali) huanza kwa maandishi ya kusomeka, TYPE=VIEW. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa kuwa .frm ya mwono haina .ibd kwa asili yake, nayo si yatima. Wapo walioziondoa kwa kudhani ni takataka, wakapoteza ripoti zao zote za mwezi.

Ukaguzi mwepesi hufanywa 5.7 ikiwa inafanya kazi:

mysqlcheck -u root -p --all-databases --check-upgrade

Cha kuaminika zaidi ni MySQL Shell, ambayo hupitia orodha ndefu ya vikwazo na kukutajia kila jedwali lenye tatizo:

util.checkForServerUpgrade('root@localhost:3306')

Ukiisha kuthibitisha kuwa .frm ni ya jedwali la InnoDB, haina .ibd, na haimo katika kamusi ya InnoDB, zima seva na uihamishe nje ya folda ya data. Nimesema uihamishe, sikusema uifute. Ili kujua kama InnoDB inalijua jedwali la muda lililoachwa njiani, uliza hivi ndani ya 5.7:

SELECT NAME FROM INFORMATION_SCHEMA.INNODB_SYS_TABLES WHERE NAME LIKE '%#sql%';

Likitokea, na una yakini hakuna ALTER inayoendelea, hufutwa kwa amri ya DROP TABLE, si kwa kufuta faili. Jina lake hutanguliwa na #mysql50# na huwekwa ndani ya alama za ` (backtick), kwa mfano:

DROP TABLE `#mysql50##sql-ib87-856498050`;

Amri hiyo inahitaji .frm yenye jina linalolingana na la .ibd, yasipolingana, libadilishe jina la .frm kwanza. Majina hayo hayakumbukiki, kwa hiyo yanakili, usiyaandike kwa mkono.

Baada ya mayatima huja triga (amri zinazojiendesha jedwali linapobadilika) ambazo kipengele chake cha DEFINER, kinachomtaja mwenye triga, ni kitupu, na taratibu zilizohifadhiwa zinazotumia GROUP BY pamoja na ASC au DESC, mtindo uliofutwa katika 8.0.13. Zitoe kwa SHOW CREATE, zisahihishe, uziunde upya ndani ya 5.7. Nadra zaidi ni majedwali ya MyISAM yaliyogawanywa vipande, ambayo hubadilishwa kwa ALTER TABLE jina ENGINE=InnoDB, na majina ya funguo za kigeni yanayozidi herufi 64.

Ikiwa kupandisha kumeshindikana katikati, 8.0 huyarudisha mabadiliko yake yenyewe. Hapo ndipo pekee unaporuhusiwa kuondoa kumbukumbu za ib_logfile zilizoachwa na jaribio hilo, kwa sharti kwamba 5.7 ilikuwa imezimwa taratibu kabla yake, kisha unawasha 5.7, unarekebisha, unazima taratibu na kujaribu tena. Ukishindwa mara mbili kwa kosa lile lile, simama. Kujaribu mara ya tatu bila kuelewa ujumbe huzidisha hasara, na fundi atakayekuja atakuta data iliyochezewa badala ya data iliyosimama.

Dalili ya pili: folda imenakiliwa, majedwali hayaonekani

Mtu ana mashine mpya. Anaichukua folda ya hifadhidata kutoka mashine ya zamani kwenye fleshi, anavuka nayo kwa boti kutoka Mkoani, Pemba, hadi Malindi, Unguja, anaibandika ndani ya folda ya data ya 8.0, anaiwasha seva, na hifadhidata haipo kwenye orodha. Naelewa kwa nini anashangaa. Wakati wa 5.7, folda yenye .frm, .MYD na .MYI za MyISAM ilitambuliwa papo hapo, na folda tupu iliyotengenezwa kwa mkono ilihesabiwa kuwa hifadhidata. Katika 8.0, kisichokuwa ndani ya kamusi ya data hakipo, hata kama faili lake unaliona kwa macho.

Kwanza ondoa ulichobandika, uiache seva ya 8.0 safi. Kisha jiulize kama mashine ya zamani bado inawaka. Ikiwa inawaka, rudi ukachukue nakala kwa mysqldump, na tatizo limekwisha. Nauli ya boti ni nafuu kuliko siku tatu za kuokoa majedwali.

Mashine ya zamani ikiwa imekufa lakini umepata folda yote ya data, pamoja na ibdata1 na ib_logfile, weka 5.7 kwenye kompyuta nyingine, ielekeze kwenye nakala ya folda hiyo, iwashe, na utoe mysqldump kutoka huko. Kwenye Linux hakikisha mafaili ni mali ya mtumiaji mysql. Asilimia kubwa ya kukataa kuwaka katika hatua hii ni ruhusa tu.

Kazi ngumu ni pale ilipookolewa folda ya hifadhidata peke yake bila ibdata1. Ukiibandika ndani ya 5.7 utaona majina ya majedwali, na ukiyafungua utapata kosa 1146, kwamba jedwali halipo. Hili ndilo umbo halisi la ule ubaya wa maelezo kukaa mahali pawili: umeokoa nusu. Tiba inawezekana kwa majedwali ya InnoDB yenye .ibd yake yenyewe, na hufanywa ndani ya 5.7, si 8.0.

Kwanza pata amri ya CREATE TABLE, ikiwezekana kutoka kwa aliyeiandika programu. Ikikosekana, chombo cha mysqlfrm, kilichokuwa sehemu ya MySQL Utilities, kinaweza kuisoma .frm kwa chaguo la --diagnostic bila seva. Kichukue matokeo yake kama rasimu: funguo za kigeni hazikuwahi kuhifadhiwa ndani ya .frm kwa InnoDB, kwa hiyo hazitatoka, na seti ya herufi inahitaji kuangaliwa kwa jicho. Kisha unda jedwali kwenye hifadhidata mpya, na ufuate mpangilio huu:

ALTER TABLE malipo DISCARD TABLESPACE;

Nakili malipo.ibd ya zamani mahali pake, rekebisha umiliki wa faili, halafu:

ALTER TABLE malipo IMPORT TABLESPACE;

Onyo namba 1810, linalosema faili la .cfg halikupatikana, lisikutishe. Kosa 1808 ni jambo jingine: maelezo uliyoandika hayalingani na faili. Mara nyingi ni umbo la safumlalo tu, kwa kuwa majedwali yaliyoundwa chini ya 5.6 yalikuwa COMPACT na 5.7 huunda DYNAMIC. Lifute jedwali, uliunde tena ukiongeza ROW_FORMAT=COMPACT, urudie. Likipokelewa, hesabu safumlalo, linganisha jumla ya fedha na karatasi za zamani kama zipo, na ndipo utoe mysqldump ya kupeleka 8.0.

Ikiwa 1808 inabaki baada ya kubadilisha umbo la safumlalo, usianze kubahatisha aina za safuwima mpaka moja ikubali. Jedwali linaweza kukubali na bado kusoma tarakimu vibaya, na daftari la mikopo lenye tarakimu zisizo zake ni baya kuliko daftari lililopotea. Mpe kazi hiyo fundi wa kuokoa hifadhidata.

Dalili ya tatu: umepandisha toleo, lakini .frm bado zipo

Angalia jibu la SELECT VERSION(). Likiwa na neno MariaDB, jina la programu nyingine iliyochipuka kutoka MySQL, hakuna kilichoharibika. Wengi hapa wamejifunzia kwenye XAMPP, kifurushi cha seva ya kujifunzia, na wanaiita MySQL kwa mazoea, lakini XAMPP imebeba MariaDB tangu mwaka 2015, na MariaDB inaendelea kutumia .frm. Hizo usiziguse kabisa. Kwa sababu hiyo hiyo, folda ya data ya MySQL 8.0 haiwezi kupokelewa na MariaDB, wala ya MariaDB haipokelewi na MySQL 8.0, baina yao kivuko ni mysqldump.

Ikiwa jibu ni 8.0, huenda seva mbili zimewekwa kwenye mashine moja na unaangalia folda ya ile nyingine. Hakikisha kwa SELECT @@datadir;. Ukizikuta .frm ndani ya folda ya backup_metadata_57, hapo ndipo 8.0 ilipozihamishia wakati wa kupanda. Ziache zikae mpaka uridhike na kazi mpya, ukijua kwamba hazina uwezo wa kukurudisha 5.7.

Dalili ya nne: majina yenye herufi kubwa hayapatikani baada ya kuhama Windows kwenda Linux

Programu inauliza Wanachama, seva inajibu 1146, na jedwali liitwalo wanachama lipo. Windows hutumia lower_case_table_names=1 na Linux hutumia 0. Zamani ulibadilisha namba hiyo kwenye usanidi, ukawasha upya, basi. Katika 8.0 thamani yake hufungwa siku kamusi ya data inapoanzishwa, na ukiibadilisha baadaye seva inakataa kuwaka, ikisema mpangilio wake unatofautiana na wa kamusi. Ukiwa umekwama hapo, rudisha thamani ya mwanzo, na seva itawaka.

Tiba nzuri ni kuyasahihisha majina ndani ya programu. Isipowezekana, toa mysqldump, anzisha folda mpya ya data kwa --initialize huku lower_case_table_names=1 ikiwa tayari ndani ya usanidi, kisha upakie. Folda ya zamani ibakie kando hadi upakiaji ukamilike na programu ijaribiwe kwa siku kadhaa.

Dalili ndogo ndogo baada ya kupanda

Idadi ya safumlalo au namba ya AUTO_INCREMENT katika INFORMATION_SCHEMA.TABLES haibadiliki siku nzima: 8.0 huhifadhi takwimu hizo kwa sekunde 86400. Endesha ANALYZE TABLE, au weka SET SESSION information_schema_stats_expiry = 0;.

Ripoti ya PHP iliyosoma table_name kutoka INFORMATION_SCHEMA inatoa tupu: safuwima hizo sasa hurudi kwa herufi kubwa. Liandike jina lingine mwenyewe kwa AS table_name.

Kosa 1064 kwenye swali lililofanya kazi miaka yote: tafuta safuwima iitwayo rank, groups au system, ambayo sasa ni maneno yaliyotengwa, na uliweke jina ndani ya alama za ` (backtick). Kosa 2054 wakati wa kuunganisha ni PHP ya zamani isiyojua njia mpya ya nywila au seti mpya ya herufi, pandisha PHP.

Dalili ya mwisho: kamusi yenyewe imeumia

Faili la makosa likitaja kuharibika kwa mysql.ibd, au seva ikizima kila inapowaka bila kutaja jedwali lolote, usijaribu kuifuta mysql.ibd kwa matumaini kuwa itaundwa upya. Ndani yake ndimo yalimo maelezo ya kila jedwali, kila mwono na kila utaratibu. Zima seva, nakili folda nzima kama ilivyo, na kazi yoyote itakayofuata ifanywe juu ya nakala.

Juu ya nakala hiyo unaweza kujaribu innodb_force_recovery kwa 1, kisha 2, kisha 3, kwa lengo moja tu la kutoa mysqldump. Kuanzia 4 kwenda juu data yenyewe inaweza kuharibika moja kwa moja, na huo ndio mpaka wa mtu asiye fundi.

Hata hivyo 8.0 imetuachia nafuu ambayo 5.7 haikuwa nayo. Kila .ibd imebeba maelezo ya jedwali lake, na yanasomeka bila seva:

ibd2sdi malipo.ibd > malipo.json

Humo mna jina la kila safuwima, aina yake na faharasa zake, kutoka ndani ya faili lile lile lenye data. Endesha amri hiyo kwa kila .ibd kabla hujampigia simu fundi, kisha umkabidhi mafaili hayo ya json, nakala ya folda ambayo haijaguswa, faili la makosa zima, na karatasi uliyoandika kila amri uliyokwishaiendesha kwa mpangilio wake, hata ile unayoona haya kuitaja.